Safi Faye wa Senegali na Sauti ya Mkulima katika Filamu

Katika habari za sinema ya Afrika jina la Bibi Safi Faye wa Senegali hutajwa aghalabu kwa sifa moja, nayo ni kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kusini ya Sahara kutunga filamu ndefu iliyoonyeshwa kwa biashara katika majumba ya sinema. Sifa hiyo ni ya haki. Walakini ikitajwa peke yake huficha jambo lililo zito zaidi. Tangu filamu yake ndefu ya kwanza, ya mwaka 1975, hata ya mwisho iliyotoka mwaka 1996, Bibi Faye aliuliza swali moja kwa njia nyingi: ni nani mwenye haki ya kueleza maisha ya mkulima, na aeleze kwa lugha gani? Swali hilo lawahusu wataalamu wa lugha sawasawa na wale wa sinema, na kwa ajili yake yafaa kazi ya mwanamke huyu ichunguzwe kwa taratibu.

Neno "kwanza" lenyewe lahitaji kuwekewa mipaka. Thérèse Sita-Bella wa Kameruni alikwisha tengeneza filamu fupi ya hali halisi, *Tam-tam à Paris*, mwaka 1963. Sarah Maldoror, aliyezaliwa Ufaransa kwa baba mwenye asili ya Guadeloupe, alitoa *Sambizanga* mwaka 1972, filamu ndefu juu ya vita vya uhuru wa Angola. Kwa hiyo Bibi Faye hakutokea mahali patupu, wala hakuwa peke yake. Tofauti yake ni kwamba alizaliwa na kulelewa katika nchi aliyoipiga picha, akarudi kwa watu wa ukoo wake, akawaweka mbele ya kamera waseme mambo yao wenyewe.

Alizaliwa Dakar mwaka 1943. Jamaa zake walitoka Fad'jal, kijiji cha Waserere kilichoko kusini ya Dakar. Waserere ni wakulima wa uwele tangu zamani, na katika zama za ukoloni wakawa pia wakulima wa karanga kama majirani zao. Lugha yao, Kiserere, ni ya tawi la Atlantiki pamoja na Kiwolofu na Kifula. Ni lugha yenye ngeli za majina, na mtaalamu wa lugha za Kibantu akiisoma hataona ugeni mtupu, ingawa udugu wenyewe ni wa mbali. Safi Faye alisomea ualimu katika chuo cha Rufisque, akapata shahada yake, kisha akafundisha katika shule za Dakar.

Mwaka 1966 Dakar ilikuwa mwenyeji wa Tamasha la Kwanza la Ulimwengu la Sanaa za Watu Weusi. Huko mwalimu huyo kijana alikutana na Jean Rouch, Mfaransa aliyekuwa mtaalamu wa ethnolojia, yaani elimu ya mila na maisha ya watu, na mtengenezaji wa filamu aliyefanya kazi kwa miaka mingi nchini Niger. Rouch alimwalika kucheza katika filamu yake *Petit à petit*, iliyotolewa mapema katika miaka ya 1970. Ndani ya filamu hiyo mtu wa Niger asafiri hadi Paris na kuwachunguza Wafaransa kama vile wataalamu wa Ulaya walivyozoea kuwachunguza Waafrika, hata kuwapima vichwa njiani. Mzaha huo ulikuwa na maana kubwa. Ulionyesha kwamba cheo cha mchunguzi na cha mchunguzwa vyaweza kubadilishana mahali.

Hata hivyo si Waafrika wote walioridhika na kazi ya Rouch. Mwaka 1965 Ousmane Sembène, mwandishi na mtunzi mashuhuri wa filamu wa Senegali, alimlaumu uso kwa uso kwamba yeye na wenzake waliwatazama Waafrika kama wadudu. Lawama hiyo ilikuwa na mizizi. Tangu mwaka 1934 sheria iliyoitwa kwa jina la waziri Pierre Laval ilimtaka kila mtu apate idhini ya serikali kabla ya kupiga filamu katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika. Hata Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, walipotengeneza *Afrique-sur-Seine* mwaka 1955, waliitengeneza Paris na si Afrika. Sembène mwenyewe alitoa *Borom Sarret* mwaka 1963, na mwaka 1968 akatoa *Mandabi*, filamu ndefu iliyosemwa kwa Kiwolofu. Basi Bibi Faye alisimama kati ya njia mbili: ya Rouch, iliyompa elimu ya uchunguzi, na ya Sembène, iliyodai kwamba Mwafrika ajisemee mwenyewe.

Alichagua kutoiacha hata moja. Alikwenda Paris, akasoma ethnolojia, na pamoja na masomo hayo akajifunza ufundi wa kamera katika chuo cha Louis Lumière. Mwaka 1972 alitoa filamu fupi ya dakika kumi hivi, *La Passante*, ambayo ndani yake mwanamke wa Kiafrika, aliyechezwa na yeye mwenyewe, apita katika mitaa ya Paris huku wanaume wakimtazama, kila mmoja akimwaza kwa namna yake. Filamu hiyo ni ndogo, lakini tayari yaonyesha aliyekuwa akitazamwa akiishika kamera kwa mkono wake. Masomo yake yaliendelea sambamba na filamu, na mwaka 1979 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya Waserere. Ni kosa kumgawa mtu huyu sehemu mbili, mwanachuoni upande huu na msanii upande ule. Utafiti ndio uliozaa filamu, na filamu ndizo zilizobeba yale ambayo kitabu kingeyabeba kwa shida.

Kazi iliyompa jina ilitoka mwaka 1975. Iliitwa *Kaddu Beykat*, na kwa Kifaransa *Lettre paysanne*, yaani barua ya mkulima. Jina la Kiwolofu lastahili kuangaliwa kwa makini. *Kaddu* ni neno, kauli au sauti. *Beykat* latokana na kitendo *bey*, kulima, na kiambishi tamati *-kat* kinachomtaja mtendaji. Kiswahili kingesema mkulima kwa kuweka alama ya mtendaji mwanzoni mwa neno, na Kiwolofu huiweka mwishoni, lakini maana ni ile ile. *Kaddu Beykat*, basi, ni kauli ya mkulima. Majina haya mawili hayakutafsiriana sawasawa. La Kifaransa lasema barua, kitu kiandikwacho. La Kiwolofu lasema kauli, kitu kitokacho kinywani. Tofauti hiyo ndiyo filamu yenyewe. Bibi Faye asikika akisoma barua kwa Kifaransa, akimsalimu mtazamaji na kumweleza habari za kijiji, na katikati ya barua hiyo wanakijiji wasema wenyewe kwa lugha za nchi yao. Msomi ashika kalamu, lakini kauli ni ya mkulima.

Hadithi ni nyepesi. Kijana aitwaye Ngor ataka kumwoa Coumba. Mvua ni haba, karanga hazikustawi, na mahari hayapatikani. Ngor aenda Dakar kutafuta kazi, akakuta dhuluma na ujira mdogo, kisha arudi kijijini akawasimulia wenzake aliyoyaona. Waliocheza ni wanakijiji wenyewe. Kazi ya kupiga picha ilichukua wiki tatu, kwa watu watatu tu na gharama ya dola 20,000 hivi, sehemu yake ikitoka katika Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa. Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Sehemu yake iliyo nzito ni ile ya wanaume walioketi chini ya mti wakizungumza habari za karanga, madeni na serikali. Mazungumzo hayo hayakuandikwa na mtu. Wasemaji waliachiwa waseme wayajuayo. Miongoni mwao alikuwamo babu yake Bibi Faye, aliyefariki siku chache baada ya kazi kwisha, na filamu ikatolewa kwa ukumbusho wake.

Waliyoyasema yalikuwa na sababu za wazi. Wakati wa ukoloni Senegali ilifanywa nchi ya karanga, na uhuru wa mwaka 1960 haukuliondoa zao hilo katika kiti chake. Serikali ilinunua karanga na kugawa mbegu na mikopo kupitia vyama vya ushirika, na tangu mwaka 1966 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa shirika lililojulikana kwa herufi ONCAD, ambalo lilidumu hadi mwaka 1980. Mkulima alipokea mbegu na zana kwa mkopo, akalipa kwa mazao, na mavuno yakikosekana deni hubaki. Kuanzia mwaka 1968 ukame mkubwa uliikumba nchi ya Sahel kwa miaka kadhaa. Ardhi iliyolimwa karanga mwaka baada ya mwaka ilichoka, na shamba lililotwaliwa na karanga halikutoa uwele wa kula. Wataalamu walikwisha yaandika mengi kati ya haya katika taarifa zao. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika *Kaddu Beykat* waliolala kitandani ndio waliosema.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Filamu ilisifiwa ng'ambo: ilipata Tuzo ya Georges Sadoul nchini Ufaransa mwaka 1975, na mwaka 1976 ilipewa tuzo ya shirikisho la kimataifa la wahakiki wa filamu huko Berlin. Nyumbani Senegali ilipigwa marufuku. Jambo hili lina uchungu wa namna yake, kwa kuwa rais wa wakati ule, Léopold Sédar Senghor, alikuwa mshairi, Mserere kwa asili, na mzaliwa wa Joal, mji usio mbali na Fad'jal. Serikali iliyojivunia utamaduni wa Waafrika mbele ya dunia nzima haikutaka kuisikia kauli ya mkulima ilipotaja bei na madeni. Hivyo barua ilisomwa Paris na Berlin kabla ya kusomwa na wale iliowahusu. Hili ni jambo la kukumbukwa kila itajwapo orodha ya tuzo zake. Tuzo hupima jinsi kazi ilivyopokewa na wageni; hazipimi kama ilifika kwa mwenyewe.

Mwaka 1979 Bibi Faye alitoa *Fad'jal*, ambayo huenda ndiyo kazi yake iliyokamilika kuliko zote, na ilionyeshwa katika tamasha la Cannes mwaka huo huo. Yaanza kwa kuwaonyesha watoto darasani wakirudia kwa pamoja somo la Kifaransa juu ya mfalme Louis wa Kumi na Nne. Baadaye watoto wa kijiji waonekana chini ya mti wa msufi, wakimsikiliza mzee akisimulia jinsi kijiji chao kilivyoanzishwa na mwanamke, Mbang Fad'jal. Mtazamaji haambiwi ni lipi kati ya masomo hayo mawili lililo la maana. Awekewa yote mawili mbele yake aamue. Filamu pia yakumbusha usemi mashuhuri wa Amadou Hampâté Bâ wa Mali unaomfananisha mzee afaye na maktaba iunguayo. Lakini hapa mzee hakuachwa aungue. Masimulizi yake yalihifadhiwa kwa sauti, kwa uso na kwa mkono wake, pamoja na maswali ya watoto waliomsikiliza.

Aidha *Fad'jal* si filamu ya kuomboleza ya kale. Masimulizi ya mzee yana kazi ya leo, kwa sababu wanakijiji wana shauri la ardhi. Sheria ya tarehe 17 Juni 1964 juu ya milki ya taifa iliweka sehemu kubwa ya ardhi ya Senegali chini ya usimamizi wa dola, na desturi ya kurithi ardhi kwa ukoo ikakosa nguvu mbele ya sheria. Katika hali hiyo, kujua ni nani aliyefyeka msitu wa kwanza na ni nani aliyezikwa wapi si jambo la kujifurahisha jioni. Ni hoja katika mashauri. Historia isimuliwayo kwa mdomo yaonekana hapa kuwa hati ya watu wasio na hati.

Baada ya hapo Bibi Faye aliishi kwa muda Berlin, ambako alisoma ufundi wa video na kufundisha kama mgeni katika Chuo Kikuu Huru. Mwaka 1980 alitoa *Man Sa Yay*, maana yake "Mimi, Mama Yako", juu ya mwanafunzi Msenegali aishiye Berlin na barua za mama yake zinazomfuata na mahitaji ya nyumbani. Mwaka 1983 ikatoka *Selbé et tant d'autres*, filamu ya nusu saa iliyosaidiwa na UNICEF. Ndani yake mwanamke wa kijijini abeba mzigo wote wa nyumba wakati mume wake ameondoka kutafuta kazi. Wanaume wa *Kaddu Beykat* walikuwa wamekwisha sema. Sasa ikawa zamu ya mke aliyebaki. Mtazamaji aliyemwona Ngor akienda mjini aonyeshwa hapa bei ya safari ya namna hiyo kwa wale walioachwa nyuma.

Kazi yake ya mwisho, *Mossane*, ni hadithi ya kubuni juu ya msichana mzuri wa kijiji cha Waserere aliyeposwa na mtu aliyeko Ufaransa, hali moyo wake uko kwa mwanafunzi maskini. Picha zilipigwa mwaka 1990, lakini ugomvi na mtayarishaji uliizuia filamu kwa miaka kadhaa, nayo ilionekana Cannes mwaka 1996 tu. Miaka hiyo ya kungoja yaeleza hali ya watunzi wengi wa Kiafrika wa kizazi chake. Fedha zilitoka nje, na mitambo ya kusafishia filamu ilikuwa nje, hata filamu iliyokwisha pigwa katika kijiji cha mtunzi iliweza kuwekwa rehani mbali naye. Baada ya *Mossane* hakutoa filamu ndefu nyingine. Alifariki Paris tarehe 22 Februari 2023, akiwa na umri wa miaka 79.

Kuna hoja mbili ambazo mchunguzi hana budi kuzikabili. Ya kwanza ni kwamba filamu kama *Kaddu Beykat*, yenye kisa cha kutungwa na watu waliocheza, haistahili kuitwa filamu ya hali halisi. Hoja hii husahau kwamba katika vijiji vingi vya Afrika hadithi na habari hazikuwekewa ukuta. Ngor ni wa kutungwa, lakini kukosa mahari kwa sababu ya mavuno mabaya si kwa kutungwa, wala madeni yaliyotajwa chini ya mti hayakuwa ya mchezo. Kisa kilikuwa kamba ya kufungia kuni. Kuni zenyewe ziliokotwa mahali pake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwamba aliyewapa wakulima sauti aliisoma barua yao kwa Kifaransa, kwa msaada wa fedha za Wafaransa, naye akiishi Paris. Haifai kuikanusha. Yafaa badala yake kutambua kwamba Bibi Faye hakuificha hali hiyo. Barua ina mwandishi, na mwandishi ajitaja. Hakujifanya kuwa mkulima, wala hakuifanya sauti yake kuwa sauti isiyo na mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi ya filamu za mafunzo za zamani, ambazo msimulizi asiyeonekana huwaeleza watazamaji maisha ya watu wasiofumbua midomo.

Desturi hiyo ya zamani haikuwa ya nchi za Wafaransa peke yake. Afrika Mashariki yaijua vema. Kati ya miaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, jaribio la filamu za mafunzo kwa Waafrika lilitengeneza filamu zipatazo 35 juu ya kilimo, afya na mengineyo, na maelezo yake yakatolewa kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Lugha ilikuwa ya mtazamaji, lakini kauli haikuwa yake. Mkulima aliambiwa, hakuulizwa. Kwa hiyo kutumia lugha ya watu hakutoshi. Miaka 55 baadaye Flora M'mbugu-Schelling wa Tanzania alitengeneza *These Hands*, filamu ya mwaka 1992 yenye dakika 45, juu ya wanawake wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa wakiponda mawe kwa nyundo katika machimbo ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam. Ndani yake hamna msimulizi. Yasikika mawe, nyimbo na maneno ya wanawake wenyewe. Watunzi hawa wawili walifuata njia mbalimbali, mmoja kwa kuwaachia wanakijiji mazungumzo, mwingine kwa kunyamaza ili kazi isikike, lakini wote wawili walilijibu swali lile lile.

Mwaka 2018 *Fad'jal*, iliyokwisha kufanyiwa ukarabati, ilionyeshwa tena Cannes miongoni mwa filamu bora za zamani. Ni heshima njema, lakini iliyobaki ni kazi ya wanachuoni. Filamu hizi zina saa kadhaa za mazungumzo ya watu wa Sine katika miaka ya 1970: methali, masimulizi ya ukoo, mabishano ya ardhi, msamiati wa kilimo, na namna mkubwa anavyoongea na mdogo. Kwa mtaalamu wa lugha hayo ni matini kamili, yenye msemaji, mahali na wakati unaojulikana, jambo ambalo mikusanyo mingi ya masimulizi iliyochapwa vitabuni haina. Maneno hayo yakiandikwa neno kwa neno katika lugha zake na kufasiriwa kwa uangalifu, yatakuwa na faida kwa historia ya Senegali na kwa elimu ya lugha za Afrika. Na filamu hizo zikionyeshwa mara kwa mara katika shule za vijiji vya Waserere wenyewe, barua iliyoandikwa mwaka 1975 itakuwa mikononi mwa wale iliowahusu.